Umepangiwa Mpanda? Futa machozi, kaa nikupashe

Hapa Dar kuna neno moja linaniudhi kuliko honi za bodaboda saa kumi na moja alfajiri. Neno lenyewe ni "mkoani". Fulani yuko wapi? "Kaenda mkoani." Mkoa gani? "Ah, mkoani tu, huko." Utadhani nchi hii ina sehemu mbili: Dar es Salaam, halafu pori moja refu linaloanzia Kibaha na kuendelea mpaka litakapochoka lenyewe.

Hebu tupige hesabu kidogo, mpenzi msomaji. Nchi ina mikoa 31: Bara 26, Zanzibar mitano. Sensa ya mwaka 2022 ilitukuta tuko 61,741,120. Dar, pamoja na makelele yake yote, ilikuwa na watu 5,383,728. Yaani ukiwapanga foleni Watanzania kumi na mmoja, anayetoka Dar ni mmoja tu, na pengine ndiye anayelalamika foleni haiendi. Hao kumi wengine wote "wako mkoani".

Na Dar yenyewe ni mkoa, tena huku Bara ndio mdogo kuliko yote: kilomita za mraba kama 1,400 hivi. Tabora ina zaidi ya 76,000. Chukua Rwanda, chukua Burundi, zitie zote mbili ndani ya Tabora. Zinaingia, na nafasi ya kuchungia ng'ombe inabaki.

Naandika haya kwa ajili ya washkaji na akina dada waliopata ajira, wakafungua orodha, wakaona jina lao lipo, wakaruka juu kwa furaha, halafu wakasoma kituo cha kazi. Kama pameandikwa Kinondoni, soda za mtaa mzima ziko juu yake. Kama pameandikwa Liwale, Kibondo, Nkasi au Mpanda, hapo ndipo utajua kuwa mtoto wa mjini naye ana machozi. Wengine hawaendi hata kuripoti. Miaka mitatu wamesota kutafuta kazi, kazi imekuja, wameiacha mezani kwa sababu ya jina la wilaya waliyosimuliwa na mtu ambaye naye hajawahi kufika.

Mimi kazi yangu ni kuuza vitabu vya shule. Katika mikoa hiyo 31 nimelala 27, mingine kwenye gesti nzuri na mingine kwenye gesti ambazo kunguni ndio wenye nyumba. Sikusimulii ya kuambiwa. Na nilichokiona ni kwamba ile mikoa inayochekwa na kuogopwa siyo kwamba Mungu aliisahau. Ukichimba kidogo unakuta sababu, na mara nyingi sababu ni barabara.

Kutoka Dar kuna njia chache tu za kuingia nchini. Tuanze na ile ya Kilwa, upite Mbagala, ushike Kusini.

Kusini, yaani Lindi na Mtwara, ndiko kulikokuwa jela ya watumishi wa serikali. Ukikosana na bosi wako, anakuambia kwa upole, "Jiandae, unakwenda Kusini." Na ilikuwa adhabu kweli. Mto Rufiji haukuwa na daraja. Ulikuwa unangoja pantoni pale Ndundu, na mvua za masika zikikolea, basi la Mtwara lilikuwa linalala njiani siku na siku, abiria wanapika uji kando ya barabara kama wako kambini. Daraja la Mkapa likafunguliwa mwaka 2003, lami ikafuata kipande kwa kipande. Leo unaondoka Dar asubuhi, jioni uko Mtwara unakula samaki wako na kuangalia meli. Jela imekwisha. Ila maneno ya mjini hayajapata taarifa.

Mwenye kumcheka mtu wa Kusini akumbuke kwamba mwaka 1331, msafiri Ibn Battuta alipopita pwani hii, aliufikia mji wa Kilwa na kuusifia. Kilwa ilikuwa inapiga sarafu zake yenyewe. Dar wakati huo haikuwepo. Hata karne tano baadaye tulikuwa kijiji cha wavuvi kinachoitwa Mzizima, mpaka Sultani Majid alipoanza kujenga hapa miaka ya 1860. Sasa nani mshamba?

Kilichoirudisha Kusini nyuma kina tarehe zake. Vita vya Maji Maji viliwaka mwaka 1905 katika milima ya Umatumbi, upande huohuo wa Kilwa. Wajerumani walipoona watu hawakubali, wakachoma mashamba na maghala, na njaa iliyofuata ikaua maelfu kwa maelfu. Kabla nchi haijapumua vizuri, kati ya mwaka 1909 na 1913, wakafukua mifupa ya mijusi ya kale pale Tendaguru, Lindi, wakaibebesha vijana wa huko vichwani mpaka bandarini. Mjusi mmoja, mwenye urefu wa kwenda juu kama mita 13, amesimama mpaka leo Berlin akipigwa picha na watalii. Kisha wakaja Waingereza na mradi wao wa karanga, mwaka 1947. Bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikatandikwa kwenda Nachingwea, karanga zikagoma kuota. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, na miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Mkoa ulikuwa na reli, bwana, ikang'olewa!

Ndiyo maana vijana wa huko waliingia Dar kwa wingi na kuuza vitu mikononi. Wengi walikuwa Wamachinga, kabila la Lindi kabisa, na jina likawakaa wachuuzi wote wa nchi hii, hata Mchaga. Usidanganywe na wale wanaosema eti ni Kiingereza cha kutembea. Na gesi iliyopatikana Mnazi Bay na Songo Songo, Lindi na Mtwara hukohuko, ndiyo inayozalisha sehemu ya umeme unaochajia simu yako. Bomba la kuileta Dar lilipopangwa, Mtwara waliandamana mwaka 2013, na damu ilimwagika. Walikuwa wanauliza swali rahisi tu: kwetu kinabaki nini?

Haya, turudi mjini, tushike barabara ya Morogoro. Stendi siku hizi ni Mbezi Luis, Ubungo ilishahamishwa tangu mwaka 2021, na tangu 2023 mabasi yanaruhusiwa tena kukimbia usiku.

Chalinze ukikata kulia unaelekea Kaskazini. Huko sitakaa sana maana wenyewe wanajitangaza. Tanga ni mji wa mkonge na baiskeli. Mkonge wenyewe uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, na ukauhamisha nusu ya nchi, nitakueleza baadaye. Muheza machungwa, Lushoto mboga na baridi ya kukufanya uvae soksi mbili. Halafu Kilimanjaro, mlima wa mita 5,895, na Wachaga ambao mwezi wa Desemba wanaihamisha Dar nzima kwenda Moshi, wanachinja, wanakunywa mbege, wanajenga nyumba ambayo wataiona tena Desemba ijayo. Kinachonifurahisha kwa Wachaga wala siyo pesa. Ni ile mifongo, mifereji ya maji waliyoichimba babu zao kutoka mlimani, inayopita migombani kwa zamu na sheria, bila injinia kutoka wizarani.

Arusha unaijua, au unajifanya unaijua. Nikukosoe jambo moja tu: tanzanaiti haitoki Arusha. Inatoka Mirerani, wilaya ya Simanjiro, mkoa wa Manyara. Saniniu Laizer, Mmasai aliyeuza mawe mawili kwa serikali mwaka 2020 kwa shilingi bilioni 7.7, aliyachimba Manyara. Mkoa wa watu hao, ulianza mwaka 2002, na sifa zote bado zinachukuliwa na jirani.

Turudi barabara kuu. Morogoro mji kasoro bahari, mji wa Mbaraka Mwinshehe na Salum Abdallah, hapo utakula tu na kuendelea. Ukikata kushoto unaingia Mikumi, unapita katikati ya tembo bila kulipa kiingilio, unashika mlima Kitonga ambako abiria wote wanakuwa wacha Mungu kwa dakika ishirini, na unatokea Iringa.

Kuanzia hapa, ndugu yangu wa Sinza, nakuomba uifikirie sahani yako ya chipsi mayai. Viazi vile havikuoteshwa Sinza. Mara nyingi vimetoka Njombe na Mbeya. Nyanya ya kachumbari imepanda lori pale Ilula, kabla hujafika Iringa mjini. Kitunguu kinaweza kuwa cha Ruaha Mbuyuni, njia hiyohiyo, au cha Mang'ola kule Karatu. Mafuta, kama muuzaji wako ni mwungwana, ni ya alizeti ya Singida. Ukiagiza wali badala ya chipsi umehamia Kyela au Ifakara. Kilicho cha Dar kwenye sahani ile ni joto tu.

Iringa wanataniwa eti wanakula mbwa na wana hasira. Hasira waliwaonyesha Wajerumani. Mtwa Mkwawa aliwapiga mwaka 1891 pale Lugalo, akawahangaisha mpaka 1898 alipojiua asikamatwe. Wakamkata kichwa wakakipeleka Ulaya. Fuvu lilirudishwa mwaka 1954 na liko Kalenga, kilomita chache kutoka Iringa mjini. Nenda kalitazame. Mimi nililitazama nikiwa na njaa, nikatoka nimeisahau njaa yenyewe.

Njombe na Makete ni baridi, tena siyo baridi ya kusimulia, ni baridi ya umande kuganda ukawa barafu asubuhi ya Juni na Julai. Dada mwenye barua ya Njombe, masweta mawili, blanketi moja zito, na usisahau mafuta ya kujipaka. Kuna ulanzi, pombe inayogemwa kwenye mianzi. Ukiwa mgeni unywe kwa adabu. Mbeya ni kijani mwaka mzima kwa upande wa Rungwe, ndizi, chai, maparachichi, na chini yake ziwa Nyasa pale Matema, ufukwe ambao ungekuwa Dar tungekuwa tumeshauzungushia ukuta. Ukienda zaidi ni Songwe, mkoa mdogo kwa umri kuliko yote, ulizaliwa 2016, wenye kimondo cha Mbozi na mpaka wa Tunduma ambako malori ya Zambia na Kongo yanapanga foleni ya kumtia mtu wazimu.

Songea iko pembeni ya njia hii, unachepuka Makambako. Kuna makumbusho ya Maji Maji, kwa ajili ya mashujaa 67 walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Nilikwenda pale na mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliyetumwa na mwalimu wake kunionyesha. Yeye hakusoma maandishi, alikuwa anayajua kwa kichwa, na alipofika kwenye jina la ukoo wake alisimama kidogo, hakusema kitu, tukaendelea.

Sasa turudi tena Morogoro, tunyooke mbele. Samahani kwa kukurudisha rudisha, lakini nchi ndivyo ilivyo, na wenye haraka wapande treni. Treni mpya ya umeme ilianza kwenda Dodoma mwaka 2024, na zile saa nane za basi zimekuwa saa nne au pungufu. Dodoma iliamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973. Tukacheka miaka arobaini na zaidi, "Dodoma vumbi, Dodoma ombaomba". Mwaka 2016 serikali ikaanza kuhama kweli, viwanja vikapanda bei, na wale wale waliocheka sasa wananiuliza kama namjua mtu mwenye kiwanja Ihumwa. Wagogo nao wamebaki na zabibu zao, zinazovunwa mara mbili kwa mwaka, na mlenda wao. Mlenda siyo mboga ya shida, ni mboga ya mahali ambapo mvua inakuja msimu mmoja tu halafu inaaga.

Hili la mvua watu wa Dar wengi hawalijui. Sisi tuna masika na vuli, tunadhani ndiyo kalenda ya taifa. Katikati ya nchi, Magharibi na Kusini wana msimu mmoja mrefu, Novemba mpaka Aprili au Mei, kisha jua. Ukikosea mwezi wa kuhamisha vyombo vyako, godoro litafika limekunywa maji.

Singida nyosha miguu, kula kuku wa kienyeji, usiulize bei kabla ya kuonja. Kutoka hapo njia zinagawana. Moja inakwenda Kanda ya Ziwa: Shinyanga na almasi za Mwadui, Simiyu na pamba, Geita na dhahabu, Mara alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Nyerere, pale Butiama. Mwanza ni jiji la mawe. Watu wamejenga juu ya mawe, kati ya mawe, na wengine nadhani ndani ya mawe. Wasukuma ndio wengi kuliko kabila lolote nchini, na ukiwasalimia "mwangaluka" asubuhi, bei ya sato inashuka yenyewe. Daraja la Kigongo na Busisi, kilomita tatu na kidogo juu ya maji, lilifunguliwa Juni 2025. Zamani pale ilikuwa pantoni, mgonjwa anangoja, mama mjamzito anangoja. Ng'ambo ya pili ya ziwa ni Bukoba, ndizi na senene, ila kila mwaka tarehe 21 Mei Mwanza na Bukoba wanakuwa wazito wa maneno. Siku hiyo mwaka 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kabisa na Mwanza, wakafa watu zaidi ya 800. Ukipangiwa huko utakaa jirani na mtu aliyepoteza ndugu. Usilete utani wa meli.

Njia nyingine ni ya Tabora, na hapo ndipo nilipotaka tufike.

Nilisema mkonge ulihamisha nusu ya nchi. Ilikuwa hivi. Mashamba ya Tanga yalitaka mikono mingi na ya bei poa. Mchaga alikuwa na kahawa yake, hakutaka kukata mkonge. Kwa hiyo mkoloni akaiacha mikoa mingine bila zao la maana la biashara na bila barabara, akadai kodi ya kichwa kwa fedha taslimu. Mtu wa Kigoma, Songea, Njombe au Ufipa atapata wapi fedha? Akapanda treni au lori kwenda Tanga, akapewa namba, akaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha na ofisi ya kuwasomba, SILABU. Vijana wakaondoka, mashamba ya nyumbani yakabaki na wazee na akina mama, na mkoa ukazidi kudorora. Baada ya miaka arobaini ya mchezo huo, watu wa mjini wakaangalia Kigoma na Rukwa wakasema, "Aa, hawa wako nyuma kwa asili." Kwa asili!

Kigoma, mwisho wa reli. Reli ilifika 1914, lakini ilikuwa inabeba watu kwenda kuliko inavyoleta kitu. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Duniani linazidiwa na Baikal peke yake. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa wanawasha taa, na kutoka mlimani unaweza kuapa kwamba kuna mji wa pili unaelea majini. Meli ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa vitani 1916, ikaibuliwa na kubeba abiria kwa miongo mingi. Mwezi wa kwanza nilioutembelea mji ule nilikuwa sielewi kwa nini kila mtu ananiuliza nimekula. Nikagundua ni salamu tu, ila ukijibu hujala, sahani inakuja kweli, ugali na migebuka.

Sasa Katavi. Binti wa dada yangu ni muuguzi. Alipopangiwa Mpanda alinipigia simu analia. "Shikamoo mjomba. Mjomba, huko si ndiko wanakotupiana radi?"

Nikamwambia, "Marahaba. Za radi wanasingiziwa Sumbawanga, mwanangu. Umekosea hata mkoa."

Hakucheka. Akasema wenzake wawili wameamua kubaki mjini. Akaniuliza kuna mtandao, kuna saluni, kuna watu wa rika lake. Nikamjibu moja moja. Mtandao mjini upo, ukitoka unakatika. Saluni zipo. Watu wapo zaidi ya milioni moja katika mkoa mzima, tena wa kila namna: Wabende, Wapimbwe, Wakonongo, Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, Wafipa, na waliokuwa wakimbizi kutoka Burundi tangu mwaka 1972, wa Katumba na Mishamo, ambao wengi wao leo ni Watanzania wenzetu kwa karatasi halali. Uraia huo walipewa watu wapatao 162,000, pamoja na wale wa Ulyankulu kule Tabora. Mpanda ni mji wa watu waliokuja. Hakuna atakayekushangaa kwa kuwa mgeni.

Nikamweleza na mabaya, maana mjomba asiyesema mabaya ni dalali. Ni zaidi ya kilomita 1,200 kutoka kwa mama yako. Msiba ukitokea Dar, huwezi kuuwahi kwa basi. Malaria ipo. Zahanati ya kijijini inaweza kuwa na wewe peke yako usiku mzima na akina mama watatu wanaotaka kujifungua. "Lakini wale watatu," nikamwambia, "usipokwenda wewe, watazalishwa na nani?" Akanyamaza. Sikujua kama nimemtisha au nimemshawishi.

Alikwenda. Sikuambii kwamba sasa anaipenda kama peponi; mwezi wa tatu alitaka kuacha. Alichonieleza ni kwamba wiki ya pili alizalisha mtoto wa kwanza akiwa peke yake, taa ya simu mdomoni, na bibi wa yule mtoto alimletea kuku na chupa ya asali ya msituni, akakataa kuondoka mpaka aone ameipokea. Asali ya kule siyo hii ya kwenye chupa za njiani inayonukia sukari guru.

Sumbawanga je? Jina lenyewe, wazee wa Kifipa watakuambia, maana yake ni tupa uchawi. Yaani mji unaoambia wageni waache uchawi nje ndio tuliouvika sifa ya uchawi. Ufipa iko juu, kuna baridi na mahindi, na mvua zake zina radi nyingi kama sehemu yoyote ya mwinuko. Ukifika, nenda Kalambo, mpakani na Zambia, maji yanadondoka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Ukosefu wa lami ndio ulioifanya Sumbawanga iwe hadithi. Lami imefika, na malori ya mahindi yanashuka kila siku kuja kwetu tunaowaogopa.

Zanzibar sikuigusa, najua mtaniandikia. Mikoa yake mitano inataka ukurasa wake, hasa Pemba, ambayo wengi wenu mnaijua kwa karafuu tu.

Kwa wale wenye barua za Mpanda mkononi: njia ni mbili, kupitia Mbeya na Sumbawanga, au kupitia Tabora, ambako lami siku hizi inaunganisha mpaka mjini. Reli ya Mpanda nayo inachepuka Kaliua. Ilijengwa kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, mgodi ukafa, reli ikabaki na abiria. Nenda kabla ya Novemba kama unaweza, vyombo visilowe. Beba tochi, chandarua, viatu vya tope na chaja ya akiba. Ukipata likizo kiangazi, hifadhi ya Katavi iko jirani, na maji ya mto Katuma yakipungua utawaona viboko mamia wamebanana kwenye dimbwi moja kama abiria wa Mbagala saa kumi na mbili jioni, wanasukumana, wanafokeana, na hakuna hata mmoja anayekubali kushuka.